Jina la Mwailandi na Figo za Mbuzi

Nikiitwa kwenye ofisi yoyote hapa Mbeya, karani husoma jina langu la kwanza bila shida, la kati pia, halafu akifika la mwisho ananyamaza. Anainua macho na kutazama nyuma yangu, anamtafuta mzungu. Hakuna mzungu. Nipo mimi, mwanamke mfupi wa Uyole, muuza mbegu za viazi, mwenye hasira za karibu. "Ni mimi huyo," huwa namwambia. "Mzungu nimemwacha nyumbani anakoka moto."

Jina lenyewe sitalitaja hapa, limeshatusumbua vya kutosha. Ni la Ailandi, ile nchi ndogo ya mvua iliyo kando ya Uingereza. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba watu wa huko chakula chao ni viazi tangu enzi na enzi. Nikasema haya, angalau hapo tunaelewana.

Jina lilitufikia hivi. Kabla ya uhuru kulikuwa na Mwailandi mmoja mwenye shamba la pareto kwenye vilima vya Mufindi, mkoani Iringa. Hakuwa na mke wala mtoto anayejulikana. Alikuwa Mkatoliki, na kwa vile wazungu wenzake wa jirani hawakuwa wa dhehebu lake, Jumapili alikwenda misheni kwa miguu pamoja na vibarua wake. Mtoto wa kambini akibatizwa, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi, na kila aliyesimamiwa naye alipewa jina lake. Babu yangu, Mhehe wa huko huko, alikuwa mpishi wake. Wanawe wawili, baba yangu na baba yangu mdogo, walibatizwa kwa utaratibu huo. Mwailandi alipouza shamba akarudi kwao, babu alifungasha akahamia Mbeya, na jina likaja nasi pamoja na masufuria.

Nyumbani palikuwa na hadithi ya sufuria pia. Mwailandi alipenda kuwinda pongo, yule mnyama wa msituni wa jamii ya swala, na sisi kwetu pongo hailiwi, ni mwiko wa ukoo. Babu hakutaka kufukuzwa kazi, wala hakutaka kuvunja mwiko. Basi alikuwa na sufuria ya pembeni kwa ajili ya pongo tu, akaipika amegeuza uso na hakuonja hata mchuzi. Yule mzungu wa watu alikula pongo isiyo na chumvi miaka yote aliyokaa naye, na inasemekana alisifu sana. Sisi watoto tulicheka hadithi hii tukaisahau. Nani anauza pongo Uyole?

Ilikuwepo hadithi nyingine, ambayo haikusimuliwa mbele za watu. Baba yangu alikuwa mweupe kidogo, nami nimechukua rangi yake. Wanawake wa sokoni hawakuhitaji ushahidi zaidi ya huo. "Mpishi alikuwa anapika jikoni, na mwenye nyumba je?" walikuwa wakiulizana, halafu wanaangua kicheko. Nimegombana na watu kwa ajili ya kicheko hicho, na mmoja nilimmwagia ndoo ya dagaa. Baba mdogo yeye hakukasirika. Nadhani moyoni alilipenda lile neno. Alipenda kulitamka jina letu lote, polepole, kwenye misiba na vikao.

Kaka yangu alifariki akaniachia binti wa darasa la pili. Mama yake alikuwa ameshatangulia. Sikuwa nimezaa, na sikujua kusuka nywele za mtoto, lakini tulijifunza wote wawili, yeye akilia na mimi nikifoka. Kila Krismasi tulichinja mbuzi. Kabla wageni hawajaja, nilizitoa figo, nikazipaka chumvi na ndimu, nikazichoma kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba. Moja yake, moja yangu. Tulikula tumechuchumaa, bila sahani, na hatukumwambia mtu. Wageni walikula mbuzi mzima mle ndani na kusifu pilau, lakini Krismasi yetu sisi ilikuwa imeshapita kule nyuma.

Akakua, akasomea kilimo. Siku ya kwanza ya mafunzo ya vitendo hapo Uyole, mkufunzi aliita jina la ukoo, wakasimama watu wawili. Mmoja alikuwa binti yangu. Mwingine alikuwa kijana mrefu kutoka Ilula, ambako kwao wanalima nyanya. Darasa zima likacheka, wakaanza kuwaita mapacha. Aliporudi jioni alinisimulia huku akicheka, nami nikacheka, nikamuuliza huyo pacha anajua kupika? Nilicheka mwezi hadi mwezi, mpaka mshenga alipokuja na barua ya posa.

Baba alishafariki, kwa hiyo mkubwa wa familia ni baba mdogo, anaishi Iyunga. Alisoma barua, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akasoma tena.

"Huyu ni kaka yake," akasema.

"Si kaka yake, baba. Ni jina tu."

"Jina hili si mchezo. Nchi nzima tuko sisi tu. Watu wa kambi moja, ubatizo mmoja. Mimi sitaozesha mtoto kwa kaka yake nikiwa hai."

Binti yangu hakulia. Alichukua simu akaanza kutafuta habari za jina letu, na Jumapili iliyofuata alimsomea baba mdogo, ambaye kwake ni babu, alichokipata, akikitafsiri sentensi kwa sentensi. Kumbe huko Ailandi jina letu zamani lilianza na neno dogo lenye maana ya mjukuu. Mjukuu wa fulani, mtu wa kale aliyekuwa na ng'ombe na vita vyake. Baadaye Waingereza walipotawala, familia nyingine zikaliacha lile neno dogo, na wajukuu wa wajukuu wakalirudisha. Lakini habari aliyoitaka yeye ilikuwa mwishoni. Jina lile lilichipua sehemu mbalimbali za nchi, kila sehemu na mzee wake, na hao wazee hawakuwa ndugu. Hadi leo kuna watu wa jina moja huko wanaoana, na hakuna anayeshangaa.

"Unaona, babu?" akasema. "Jina moja, matawi mbalimbali. Hata mzizi si mmoja."

Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. "Vizuri sana," akasema. "Hao ni Waailandi. Wakioana na binamu zao, shauri yao. Sisi ni Wahehe."

Usiku ule, tukiosha vyombo, nilimwambia binti yangu kuna njia nyingine. Watu wanakwenda bomani, wanaandikishana, wazee wanakasirika, mtoto akizaliwa hasira zinaisha. Alitikisa kichwa.

"Sitaki kutoroka, shangazi. Baba hayupo. Nataka babu aniwekee mkono kichwani kama baba. Akikataa, basi, nitaacha."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kesho ataacha sukari. Sauti hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilimjua. Angeacha kweli, na asingemsema vibaya mtu yeyote, na angekuja kuzeeka pale nyumbani akichoma figo na mimi. Kusema kweli kuna sehemu ndogo ndani yangu iliyolipenda wazo hilo, nikaichukia sehemu hiyo papo hapo.

Kesho yake nikafunga duka, nikaenda Iyunga. Tuligombana mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Mwishowe baba mdogo akakubali jambo moja: tutakwenda Ilula, yeye na mimi. Si kuposesha. Kuwaambia ndugu zetu uso kwa uso kwamba haiwezekani, na kusalimiana, maana ni aibu kuishi bila kufahamiana. Nilikubali. Afadhali safari yenye jibu baya kuliko kukaa.

Kwenye basi alikaa dirishani, suti ya kikao mwilini, akinitajia kila mji kana kwamba mimi sijui kusoma vibao. Usangu ikatandaa kule chini upande wa kushoto, yeye akanieleza mpunga. Tulipokaribia Mafinga alianza kutazama vilima.

"Shamba lilikuwa huko," akasema.

Baadaye, bila kunitazama, akasema tena: "Unajua wanavyosema juu ya baba yako."

"Najua."

"Kama ni kweli. Na kama na huyu mzee wa Ilula, babu yake kijana, ni hivyo hivyo. Basi hawa watoto ni damu. Mimi si mkorofi, mwanangu. Mimi naogopa. Wakija kuzaa mtoto mwenye tatizo, nani aliyemwekea mkono kichwani?"

Maisha yangu yote lile neno la sokoni lilinitia hasira, na hasira nimeizoea. Safari hii liliniogopesha. Nilimtazama yule mzee na suti yake iliyopauka mabegani, nikamhurumia, na nilikuwa sijajiandaa kabisa kumhurumia.

Ilula ilitupokea kama inavyopokea kila basi, kwa kelele na nyanya. Wanawake walikimbilia madirisha na ndoo, na mmoja alinipa bei huku bado sijashuka. Nyumba tuliyokuwa tukienda haikuwa mbali na barabara. Kijana mwenyewe hakuwepo, desturi haikumruhusu. Alitupokea bibi yake, mjane wa yule mzee wa jina letu. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyotulia, amevaa sweta la shule la mjukuu fulani.

"Kamwene!" akatuamkia kwa Kihehe, na baba mdogo, ambaye sikuwahi kumsikia akisema Kihehe nje ya misiba, alimjibu kwa sauti ya mtoto.

Tulikaa. Baba mdogo akasimama, akakohoa, akaanza hotuba. "Mama, sisi tumekuja kwa jambo zito..."

"Zito halibebwi na tumbo tupu," akasema bibi. "Kula kwanza, baba."

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Ililetwa nyama, ugali, mboga za maboga. Halafu bibi mwenyewe akaja na bakuli dogo lililofunikwa kwa kisosi, akaliweka mbele ya baba mdogo, mbele yake tu, akafunua. Figo zote mbili, zimechomwa na kukatwakatwa, na ndimu pembeni. Harufu ikanikumba nikakumbuka nyuma ya nyumba yangu.

Baba mdogo ni mtu wa hotuba lakini ni mtu wa nyama kwanza. Alikula kipande, akafumba macho. Akala kingine. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo kwamba ataniachia walau kidogo, nikiwa mtoto wake na mgeni mwenzake. Wapi! Alizila zote mbili. Akapangusa bakuli kwa tonge la ugali. Damu ilinichemka kwa uchoyo ule, na wala sikuona kwamba bibi hajagusa chakula. Alikuwa anamwangalia mdomo, kama mtu anayeangalia maziwa jikoni yasimwagike.

Bakuli lilipobaki jeupe, bibi akapiga kofi moja, akacheka kwa sauti.

"Haya, baba. Sasa niambie hotuba yako."

"Mama," akaanza tena, akijifuta midomo, "sisi na ninyi ni ukoo mmoja..."

"Hapana," akasema bibi. "Si mmoja. Umekula figo."

Baba mdogo akamtazama, hajaelewa.

"Mimi niliolewa nyumba hii nikiwa msichana," akasema bibi. "Kitu cha kwanza mama mkwe alichonifundisha, kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kulala, ni kwamba figo haiingii kwenye sufuria ya hawa watu. Mume wangu hakula, baba yake hakula, wanangu hawali. Akila, mdomo unachubuka, meno yanacheza. Ndiyo mwiko wao. Mbuzi akichinjwa hapa, figo ni za wageni. Za wageni, baba, unanisikia?"

"Nasikia."

"Wewe meno yako yanacheza?"

Mzee wa watu akajigusa meno kwa ulimi. Niliona shavu lake likitembea.

"Na ninyi mnakatazwa nini?" bibi akauliza.

"Pongo," akasema baba mdogo, na sauti yake ilikuwa imeshashuka. "Niliwahi kuila nikiwa mtoto, kwa wizi. Nikatoka vidonda mdomo mzima."

"Nani alikukataza?"

"Baba."

"Na kaka yako, yule wanayemsema, alikuwa anakula pongo?"

"Hakupata kugusa. Yeye ndiye aliyenichapa."

"Na baba yenu alikatazwa na nani?"

"Na baba yake."

"Mwiko unatoka kwa baba, hautoki kwenye hewa. Mzungu nilimwona kwa macho yangu haya, nilikuwa binti wa kambi ile ile. Hakuwa na mwiko hata mmoja. Alikula pongo, alikula figo, nilimwona anakula uyoga tulioukimbia sisi. Mtoto wake angerithi mwiko wa nani?" Akainama akalichukua bakuli. "Alikuwa baba yenu wa maji ya ubatizo. Mshukuruni kwa maji, basi."

Baba mdogo alijaribu mara moja ya mwisho. Alisema ubatizo nao ni undugu. Bibi akamjibu kwamba ameshamuuliza padri, na undugu huo ni wa msimamizi na yule aliyemsimamia, haurukii wajukuu. Alikuwa amejipanga kuliko sisi.

"Lakini mama," nikaingilia, "si ungeuliza tu? Mnakatazwa nini, tungekujibu."

"Ningeuliza, angenijibu kwa hotuba," akasema. "Nikauachia mdomo wake useme wenyewe." Kisha akaacha kucheka. "Na kama angesukuma bakuli, mwanangu, ningekubaliana naye. Mjukuu wangu angelia, na mimi ningelia naye. Sikulala juzi wala jana."

Hapo ndipo nilipotambua jinsi tulivyokuwa karibu kuikosa harusi. Mimi niliyekuwa nikiuchukia ulafi wa baba mdogo dakika chache kabla, nilitamani kumbusu kichwa.

Bibi alinisindikiza hadi kwenye kituo cha basi, tenga la nyanya kichwani kwa mtu aliyetubebea, mkono wa bibi umeshika wangu. Akaniambia kitu kimoja cha kwenda nacho. "Jina linashikwa na wanaume, lakini sufuria ni yetu. Wewe ndiye mama yake. Wewe utamfundisha."

Niliporudi nilimfundisha. Tulikaa nyuma ya nyumba, nikamweleza habari yote, naye alicheka mpaka akalala kwenye nyasi, aliposikia baba mdogo alivyopangusa bakuli. Nikamwambia na lile la mwisho, kwamba kwenye nyumba ile figo haiingii kwenye sufuria, na ukibeba mimba ya mtoto wao, haiingii hata mdomoni mwako. Alisema sawa, shangazi. Furaha ilituzidi, hatukufikiria sana.

Baba mdogo yeye alitangaza mwenyewe, kwenye kikao kikubwa, kwamba amefanya uchunguzi. Lakini kwenye basi la kurudi, baada ya Mafinga, alikuwa ameniambia neno ambalo hakulirudia kikaoni. "Basi baba alikuwa baba yetu sote, mimi na kaka," alisema, akageukia dirishani. Nilidhani angesikitika kumpoteza mzungu wake. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilijishika shavu, hii rangi yangu, nikamkumbuka bibi mzaa baba, Mbena mweupe wa Njombe, ambaye hakuna mtu sokoni aliyewahi kumtaja. Tulikuwa tumemsahau kwa sababu hadithi ya mzungu ilikuwa tamu zaidi.

Siku ya harusi baba mdogo alimwekea binti yangu mkono kichwani, akashindwa kutoa hotuba. Ilikuwa mara ya kwanza na watu wengi walishukuru. Mwandishi wa cheti cha ndoa aliuliza bibi harusi atatumia jina gani sasa. Nikajibu kutoka nyuma kwamba ni lile lile, na kanisa zima likacheka.

Krismasi iliyopita walikuja Uyole, yeye na mumewe, tumbo limeshatokeza. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, mbuzi akiwa ameshachinjwa, mikono yangu ilifanya ilivyozoea. Chumvi, ndimu, mkaa. Nikamwita. Akaja taratibu, akiwa ameshika kiuno, akachuchumaa kwa shida kando yangu. Nikampa ya kwake.

Aliishika muda kidogo. Akainusa. Kisha akairudisha mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Mtoto wetu hali, shangazi," akasema. "Kula wewe."

Aliendelea kukaa pale, bega lake kwenye bega langu, akinitazama kwa yale macho ya mtoto wa darasa la pili niliyemsuka vibaya. Ndani baba mdogo alikuwa ameshaanza kuwapokea wageni. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi, naye akasema ndiyo, mkaa wa siku hizi.

Nikala zote mbili.